Mkono Aliouficha

Shuka lililofunika mashine ya kahawa lilikuwa jeupe wiki Mama Pia alipozikwa. Asubuhi hiyo, Truphosa alipolivuta, lilikuwa limegeuka rangi ya vumbi la Nakuru, na lilishuka polepole kana kwamba halitaki. Mashine ilikuwa imesimama vilevile ilivyoachwa, na tumbo lake la shaba, na mkono wake mrefu wa kuvutwa chini, na ndege mdogo wa chuma juu yake aliyetanua mabawa. Ilikuwa inang'aa, kwa sababu kila Jumamosi Truphosa alikuwa akiingiza kitambaa chini ya shuka na kuifuta. Hakuna aliyemtuma. Mama Pia ndiye aliyemfundisha kazi, na hakupenda kitu chake kishike uchafu.

Hiyo ni nje. Ndani, hakuna aliyejua kulikoje.

Bwana Renzo, Mtaliano mwenye hoteli, alisimama mbali, kofia mkononi. Alisema binti yake anakuja Jumamosi kwa treni. Aliondoka Nakuru akiwa mtoto kwenda kusoma kwao, na sasa ni mtu mzima.

"Mimi nataka yeye kunywa kahawa moja tu," alisema. "Kahawa ya mama yake. Kama mashine anakataa, basi, anakataa. Alikufa na Pia, wiki ileile. Lakini tujaribu."

Akaongeza kwamba ameomba pale stesheni wampe mtu anayeosha maboila ya injini za treni, kwa maana boila ni boila. Kisha akaenda kukaa mezani kwake karibu na dirisha, akiipa mashine mgongo.

Truphosa alikuwa amejaza karai maji ya moto na kukunja mikono ya gauni wakati mtu alipobisha mlango wa nyuma. Kipkemei, mpishi, ndiye aliyefungua.

"Nimetumwa kutoka loko, karakana ya injini," sauti ilisema. "Kuna boila ya kuoshwa hapa?"

Truphosa aliijua sauti kabla ya kuuona uso. Aliinama juu ya karai, akajifanya anatafuta kitambaa ambacho tayari alikuwa amekishika.

Makokha alikuwa amepungua mashavu na kupanuka mabega. Ovaroli yake ilikuwa safi, imepigwa pasi, na hilo lilimchoma Truphosa haraka kuliko kitu kingine. Nani anampigia pasi? Macho yao yalikutana. Ya Makokha yalikaa kidogo kupita inavyohitajika kwa mtu aliyekuja kazini, kisha yakahamia kwenye mashine.

"Habari ya hapa, Truphosa."

Truphosa. Zamani alikuwa akimwita Nasimiyu, jina la nyumbani, jina la kiangazi alichozaliwa. Mbali na mama yake, hakuna mwingine Nakuru nzima aliyemwita hivyo.

"Nzuri," alijibu. Miaka miwili alikuwa amejitengenezea maneno ya kumwambia siku akimwona. Maneno makali, mengine mazuri sana. Na sasa alikuwa amesema nzuri.

Miaka miwili nyuma Makokha alikuwa akiishi chumba cha pili kutoka kwao, katika kota za reli. Mama yake Truphosa alikuwa mjane, na kijana yule alikuwa mbali na mama yake huko Kimilili, kwa hiyo ikawa desturi yake jioni kuketi kwenye kigoda chao na kula walichopika. Aliwapasulia kuni. Alirekebisha mlango. Alipokuwa akimtazama Truphosa juu ya sahani, Truphosa alisahau tonge mkononi. Jioni moja, wakiteka maji bombani, alimwambia, "Nasimiyu, mimi sitaki kwenda popote ambako wewe hupo." Wiki haikuisha, akapelekwa Tororo na reli, na akaondoka bila kuaga. Hakuna salamu, hakuna neno, hata kwa madereva wa treni waliokuwa wakipita kila siku.

Na Jumapili hii watu wa Peterson wangekuja kuposa. Peterson alikuwa karani wa ghala la unga, mwimbaji wa sauti ya chini kanisani, mtu mwema. Mama alipolazwa na homa ya mapafu, ni Peterson aliyembeba mgongoni mpaka hospitali, mvua ikinyesha, na baadaye hakulitaja jambo hilo hata siku moja. Mama alikwisha nunua mchele. Truphosa hakuwa amesema ndiyo, wala hapana. Kila alipojiuliza, moyo wake ulimjibu kwa kunyamaza.

"Unajua inavyofanya kazi?" Makokha aliuliza, akiizunguka mashine.

"Najua ya mbele. Ya ndani sijui."

"Basi mimi ya ndani, wewe ya mbele."

Walianza. Truphosa alimwonyesha mahali Mama Pia alipokuwa akimimina maji kwa birika, kwenye kifuniko cha juu, kwa vile bomba la mji halikuaminika. Alimwonyesha kijungu chenye mpini wa mbao, kinachotiwa kahawa iliyosagwa, na jinsi kinavyofungwa chini ya mkono. Alijaribu kukizungusha. Kilikuwa kimeshika. Makokha akaweka kiganja chake juu ya cha Truphosa, wakasukuma pamoja, na kilipoachia ghafla wote wawili waliyumba, mabega yakagongana. Makokha aliuondoa mkono wake upesi, kana kwamba ameugusa mvuke.

Ndani ya kijungu machicha ya kahawa ya zamani yalikuwa yamekauka yakawa jiwe, na mafuta yake yamegeuka lami. Chujio la juu lilikuwa na vitundu vidogo kama vya sindano, vyote vimezibwa. Truphosa akaingiza vidole chini ya kitambaa cha kichwa na kutoa kibanio cha nywele.

"Hicho ni cha nini?" Makokha akauliza.

"Cha Mama Pia. Kila jioni alikuwa akikitoa kichwani na kuzibua vitundu, kimoja kimoja. Alinipa alipougua."

"Umekiweka miaka yote hii?"

"Kitu ukipewa, unakiweka," alisema Truphosa, na mara akatamani angenyamaza, kwa sababu Makokha aligeuka upande wa spana zake na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

Wakafanya kazi bila kusemezana. Truphosa alizibua vitundu. Alipoinua kichwa kutafuta brashi ya waya, aliiona imewekwa upande wake wa kushoto. Kitambaa kilikuwa upande wa kushoto. Karai la maji ya moto lilikuwa limesogezwa kushoto pia. Yeye ni mtu wa kushoto, na Kipkemei, aliyefanya naye kazi siku nyingi, bado alikuwa akimpa kisu upande wa kulia. Makokha hakuwa amesahau. Sasa mtu asiyesahau mkono wako anawezaje kusahau kukuaga?

"Tororo kukoje?" aliuliza mwishowe.

"Kuna joto."

"Na watu wa huko hawana midomo?"

Makokha aliendelea kufungua bolti. "Wanayo."

"Nilidhani labda ilikatwa."

"Truphosa, kuna mambo si mimi wa kuyasema."

"Ni nani, basi? Dereva wa treni?"

Bolti ya mwisho ilitoka, akainua kifuniko cha boila, na harufu ikapanda. Ilikuwa harufu nzito na chachu, ya kitu kilichooza siku nyingi na kusahauliwa. Makokha alirudisha kichwa nyuma, akachukua taa, akachungulia. Alikwangua ukuta wa ndani kwa bisibisi, akatoa kipande cha ukoko. Alitazamia ukoko mweupe wa chokaa, ule anaoukuta katika injini za treni. Huu ulikuwa wa kahawia, wa tabaka tabaka, na ndani yake mlikuwa na vijani vyeusi.

Alivisugua kidoleni. Akanusa.

"Haya ni majani ya chai," alisema.

"Ndani ya boila?"

"Majani ya chai, na maziwa. Na sukari nadhani."

Wote wawili waligeuka kwa pamoja. Kipkemei alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, na uso wa mtu aliyeitwa na mwalimu.

Ikamlazimu kusema, na alisema kwa sauti ya chini ili Bwana Renzo asisikie. Ilikuwa siku ya maonyesho ya kilimo, siku chache baada ya mazishi ya Mama Pia. Hoteli ilijaa watu mpaka nje, wote wanataka chai, na sufuria zilikuwa mbili tu. Aliitazama mashine, akaona tumbo kubwa, moto chini yake, na mfereji wa kutolea. Akajiambia huyu mzungu amekuwa na sufuria nzuri namna hii miaka yote na anaitumia kwa vikombe vidogo kama vya mtoto kuchezea. Akamimina maziwa, majani na sukari. Chai ya kwanza ilitoka vizuri, watu wakaisifu. Halafu mashine ikapiga mluzi, ikatikisika, ikanyamaza. Bwana Renzo alipoikuta imenyamaza alikaa chini, akalia, akasema imemfuata mke wake. Akaifunika shuka kwa mikono yake mwenyewe.

"Sasa ningemwambia nini?" Kipkemei aliuliza. "Mtu analia mke, nimwambie ni chai?"

Makokha alianza kucheka kwanza, bila sauti, mabega tu. Truphosa alijaribu kujizuia akashindwa. Walicheka wakiwa wameegemea kaunta, na kwa muda mfupi ilikuwa kama zamani, kigoda na sahani na jioni za kota. Makokha alijifuta macho kwa mkono wa ovaroli, akamtazama, na Truphosa akaona kwamba mtu yule hakuwa amebadilika chochote. Akachanganyikiwa zaidi kuliko alipokuwa amekasirika.

Hapo ndipo mama yake alipoingia.

Alikuja kila Alhamisi kumletea Bwana Renzo mayai. Aliingia kwa mlango wa mbele, kikapu mkononi, akitabasamu kwa sababu ya kicheko alichokisikia. Akamwona Makokha. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki usoni kama limesahauliwa. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa adabu, aliweka kikapu chini, akanyoosha mkono.

"Makokha, mwanangu. Kumbe umerudi."

Makokha aliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

Aliinamisha macho sakafuni. Alipita kando kando ya ukuta, mbali iwezekanavyo, kama mtu anayepita ukingoni mwa shimo, mpaka akaufikia mlango wa nyuma, akatoka. Mkono wa mama ulibaki hewani. Truphosa aliutazama mkono ule, ngozi yake iliyopasuka kwa sabuni na baridi, mkono uliompakulia kijana yule ugali jioni baada ya jioni, kisha akamfuata nje.

Alimkuta karibu na rundo la kuni.

"Mama yangu ana ukoma?"

"La."

"Umekula kwake. Ulikuwa mgonjwa, alikupikia uji. Leo anakusalimu, unaficha mikono kama ameshika mavi?"

Makokha alifumba macho kidogo. "Muulize yeye."

"Nakuuliza wewe."

"Nikisema mimi nitakuwa nimeharibu. Muulize mama."

"Nimechoka kuuliza watu mambo yako," alisema Truphosa. "Jumapili watu wa Peterson wanakuja kwetu. Nilitaka ujue."

Makokha alikuwa ameshika spana. Aliitazama kana kwamba hajui ilifikaje mkononi mwake.

"Umeshasema ndiyo?"

"Sijasema kitu."

Aliitia spana mfukoni. Kisha akasema, polepole, kwamba boila linahitaji siki, maji nusu na siki nusu, lipashwe moto kidogo, lilale hivyo mpaka kesho. Akasema yeye mwenyewe atarudi asubuhi kulisuuza. Akaingia, akafanya hivyo, akaondoka. Mama alikuwa amekwisha kwenda.

Jioni ile Truphosa alimenya viazi vya Dundori kwa hasira, na maganda yalitoka manene. Alimwambia mama maneno yote. Kwamba watu wengine wakipandishwa cheo kidogo kwenye reli wanasahau walikotoka. Kwamba yeye ameona kwa macho yake na sasa ameelewa. Kwamba Peterson hangefanya hivyo hata kwa mwendawazimu wa sokoni.

Mama alikuwa akichochea moto. Alionekana hasikii.

"Alinitazama usoni?" aliuliza.

"Hata kidogo. Aliangalia chini."

"Na alipita wapi? Karibu na mimi, au ukutani?"

"Ukutani, mama. Kama nzi. Kwani ulikuwa hupo?"

"Nilikuwepo. Nataka kuambiwa na wewe." Mama aliweka kuni chini. "Na hakujibu salamu?"

"Hakujibu."

Mama akasimama, akatoka nje, akasimama kwenye kizingiti akitazama upande wa reli, ambako mabehewa yalikuwa yakigongana. Aliporudi macho yake yalikuwa na maji, lakini mdomo wake ulikuwa kana kwamba unazuia kucheka. Truphosa alishika kiazi bila kukimenya. Nyumbani mwao yeye ndiye mzaliwa wa kwanza. Alizaliwa katika kota hizi hizi, baba alifariki mapema, na kwa babu alikuwa amekwenda mara chache tu, kwenye misiba. Kulikuwa na mambo mengi ya kwao ambayo hakuwahi kuyaona yakitendeka.

"Kesho nitapita hotelini," mama alisema. "Na hayo maganda, mwanangu, unatupa nusu ya kiazi."

Hayo tu ndiyo aliyosema.

Asubuhi Makokha alifika mapema. Alifungua mfereji wa chini wa boila, na siki ikatoka na ukoko, vipande vikubwa vya kahawia, mpaka ndoo ikawa kama ya mtu aliyepika chai ya wiki nzima na kuisahau. Alisuuza, akasuuza tena. Aliuondoa mpira wa kuzibia mvuke, uliokuwa umekauka na kupasuka, akaweka mwingine aliokuwa amekata nyumbani kwa kisu, akiupima kwa macho. Wa kwanza ulikuwa mdogo. Akacheka kidogo, akatoa wa pili mfukoni. Truphosa hakucheka naye. Alimpa vitu alivyotaka bila kumtazama, na kila alipompa, alimpa kwa mkono wa kulia makusudi, ili aone.

Makokha aliona.

Waliiwasha. Mashine ilianza kunguruma taratibu, na kile kisaa cha kupimia mvuke kikatikisa mshale wake. Bwana Renzo alisimama mezani kwake. Kikombe cha kwanza kilitoka maji ya kutu wakamwaga. Cha pili kilinuka siki wakamwaga. Truphosa alijaza kijungu upya, akakandamiza kahawa kama alivyofundishwa, akakifunga, akavuta mkono wa mashine mpaka chini, akauachia upande wenyewe polepole. Kahawa ilishuka nyembamba na nyeusi kama mkia wa panya, na juu yake pakatanda povu la rangi ya dhahabu.

Bwana Renzo aliinywa akiwa amesimama. Alikunywa mpaka tone la mwisho, macho yamefumbwa. Kipkemei alikuwa amejitokeza jikoni, kofia mkononi, na labda ni uso ule uliomshinda, kwani aliropoka yote, maonyesho, maziwa, sukari, mluzi.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Chai," alisema.

"Chai, Bwana. Nisamehe."

"Mimi miaka tatu nafikiri Pia alikasirika. Nafikiri alichukua mashine kwa sababu mimi sikumrudisha kwao kuona mama yake." Alikishika kikombe kidogo kwa mikono miwili. "Na ilikuwa chai."

Akacheka, na katika kucheka machozi yakamtoka, akamshika Kipkemei bega na kumtikisa kama mtu anayetikisa mti wa matunda. Kipkemei naye, maskini, hakujua acheke au alie, akafanya vyote.

Ndipo Truphosa alipoona kivuli mlangoni. Mama yake alikuwa amefika, lakini hakuingia. Alikuwa amevuta kitambaa cha kichwa mpaka nyusi. Alipomwona Makokha kwenye kaunta aligeuka, akampa mgongo, akazunguka nje ya nyumba. Truphosa akasikia mlango wa stoo ukifunguliwa, chumba kidogo kilichotenganishwa na ukumbi kwa ukuta wa mbao. Akasikia gunia likisogezwa na mtu akikaa juu yake.

"Nasimiyu," mama aliita kutoka ng'ambo ya ukuta. "Njoo huku. Na mwambie mtoto wa watu aendelee na kazi, mimi siji huko."

Makokha aliposikia hayo aliweka spana chini taratibu, bila kuifanya ilie.

Truphosa aliingia stoo. Mama alikuwa amekaa juu ya gunia la viazi, amenyooka kama yuko kanisani.

"Sasa na wewe mnafichana?" Truphosa alinong'ona. "Kuna nini? Nitapata wazimu."

"Kaa."

Akakaa.

"Nyumbani kwetu," mama alisema, "mwanamume akimtaka binti yako, tangu siku anapoliweka moyoni, hakushiki mkono tena. Hali chakula mbele yako. Hakai chumba ulichokaa. Mkikutana njiani, anatoka kwenye njia. Kwa mama mkwe ndiyo heshima, hakuna kubwa kuliko hiyo. Mimi baba yako alimkimbia mama yangu mpaka akaanguka mtoni."

Truphosa aligeuka akautazama ukuta wa mbao.

"Miaka miwili iliyopita, nilimwona anavyokutazama. Nikamkuta bombani. Nikamwambia, wewe unakula ugali wangu, unanishika mkono, unacheka na binti yangu. Mtu hawezi kuwa mtoto wa jirani na mkwe kwa pamoja. Chagua. Na mpaka uchague, usimsemeshe. Sikumwambia kwa upole. Hakunijibu, na kesho yake reli ikampeleka. Nikadhani amechagua kuondoka. Sikukwambia kwa sababu niliona nimekufukuzia mtu." Alivuta pumzi. "Jana nimempa mkono kwa mazoea. Na yeye akanijibu, Nasimiyu. Mbele yako na mbele ya mpishi. Alinijibu nilichomuuliza."

Ng'ambo ya ukuta hapakuwa na sauti, isipokuwa mvuke. Truphosa aliona tena ile mikono miwili ikienda nyuma ya mgongo, na macho yakishuka, na bega likikwaruza ukuta. Picha ilikuwa ileile ya jana. Ila sasa ilimfanya ashindwe kukaa vizuri juu ya gunia.

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Anajisemeaje mwenyewe? Mjomba wake ndiye wa kuja kumsemea. Kijana akijitangaza, ameonekana hana watu."

"Na Peterson?"

Mama alijikung'uta vumbi la gunia. "Peterson ni mtoto mwema. Sitasahau mgongo wake. Kama ni hapana, nitakwenda kwake leo mimi mwenyewe, kabla wazee hawajavaa makoti. Hastahili kuambiwa mbele za watu. Lakini sijasema ni hapana. Nilikwisha kukuamulia mara moja, sirudii." Aliinuka nusu, akiweka mkono juu ya ukuta wa mbao. "Sikiliza vizuri. Mimi nimekaa huku upande wangu, kama mama mkwe. Hilo nimelifanya mimi. Ukitaka, naweza kusimama sasa hivi, nipite mlango ule, nimshike mkono, nimwambie habari yako mwanangu. Ataelewa. Atakuwa mtoto wa jirani, na Jumapili tutapika mchele. Hakuna atakayekulaumu. Sema tu, nisimame au nikae?"

Truphosa aliutazama mkono wa mama kwenye mbao. Alimfikiria Peterson kwenye mvua, na akamheshimu, na moyo ukanyamaza kama kawaida yake. Kisha akafikiria brashi iliyowekwa kushoto.

Akatoka.

Makokha alikuwa amesimama palepale, akitazama sakafu. Bwana Renzo na Kipkemei walikuwa wamehamia dirishani, wanajifanya wanatazama barabara. Truphosa alijaza kijungu. Kahawa nyingine ikamwagika kwenye kaunta. Alikifunga, akashika mkono wa mashine kwa mkono wake wa kushoto, akavuta. Kahawa ikashuka. Akakibeba kikombe kile kidogo, akapita mbele ya Makokha bila neno, mpaka stoo.

"Kunywa, mama."

Mama alikuwa bado ameinuka nusu, hajui kama asimame au aketi. Alipokea kikombe. Alionja, uso ukakunjamana.

"Uchungu wote huu," alisema, "ndio binti wa mzungu anaupandia treni?"

"Kaa chini, mama," Truphosa alisema. "Kaa hapo hapo ulipo. Usiinuke."

Mama alimtazama kitambo. Kisha aliketi juu ya gunia la viazi, akavuta kitambaa chake mpaka nyusi, na akanywa tena ule uchungu, mpaka ukaisha.

Ng'ambo ya ukuta spana ilianguka, na mara hii ililia sana.

"Nasimiyu?" sauti ya Makokha iliita.